Kutoka Gongo la Mboto, Kutafuta Uwanja wa Ndege Ndogo

Boksi lilikuwa la televisheni, lakini ndani mlikuwa na ndege mbili. Konda wa gari la Kisarawe alilinyanyua kidogo, akashangaa wepesi wake, kisha akasema, "Mzee, hili linakaa siti, utalilipia." Nikalipa nauli tatu: yangu, ya mpwa wangu wa miaka 12, na ya boksi. Ilikuwa Jumapili, saa moja asubuhi, kituo cha mwisho Gongo la Mboto. Tulikuwa tunaondoka nyumbani kwa sababu nyumbani hakuna mahali pa kurushia ndege.

Asiyepajua kwetu atashangaa, maana ndege ndizo jirani zetu. Ukitoka mjini kwa Barabara ya Nyerere unaupita Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere, unapita Banana, unapita Airwing waliko wanajeshi wa anga, unapita Ukonga, ndipo unafika kwetu. Njia kuu ya kurukia ina urefu wa mita 3,000, imelala kutoka kaskazini-mashariki kwenda kusini-magharibi. Kaskazi ikivuma, ndege hutua zikiukabili upepo, kwa hiyo hushuka zikitokea upande wa bara, juu ya Kitunda na Kivule na mitaa ya upande wetu, magurudumu yameshatoka tumboni. Watoto wakiona twiga mkiani hupiga kelele za shangwe. Wengine huitambua Dreamliner kwa mlio kabla hawajainua macho.

Mtoto anayekulia chini ya njia hiyo atataka kutengeneza ya kwake. Kwanza hutengeneza tiara, kwa mfuko wa plastiki na chelewa za makuti. Baadaye hutengeneza ndege ya mabua, kisha ya boksi, kisha ya lile sponji jeupe linalokuja na friji mpya. Mpwa wangu amefika hatua ya sponji. Mimi nilifika mbali zaidi, na huko ndiko matatizo yangu yalikoanzia.

Shemeji yangu alifanya kazi Muscat miaka mingi. Siku aliporudi likizo aliniletea injini ya ndege ya mfano, ya sentimita za ujazo sita na nusu, ndogo kama ngumi ya mtoto. Haitumii petroli. Inakunywa methanoli iliyochanganywa na mafuta ya mbarika na kemikali nyingine ya kuongeza nguvu. Niliifunga kwenye benchi uani, nikaipa mafuta, nikaunganisha plagi, nikazungusha propela kwa kijiti. Sikuwa na nia ya kurusha kitu. Nilitaka kusikia kama ni nzima.

Ilikuwa nzima. Injini ya namna hiyo huzunguka mara 12,000 kwa dakika, yaani milipuko 200 kila sekunde. Propela yangu ilikuwa ya inchi 10, na kwa mzunguko huo ncha zake hukata hewa kwa mwendo wa mita 160 kwa sekunde, karibu nusu ya mwendo wa sauti. Ndiyo maana haingurumi kama pikipiki, inalia kwa sauti nyembamba ya juu inayopenya ukuta. Haikumaliza dakika mbili. Jirani yangu, mama wa nyumba ya tatu, aliingia uani bila kubisha hodi, miguu mitupu, mjukuu begani.

"Baba, ni nini hicho? Ni kambini tena?"

Niliizima. Nilimwomba radhi, nikamvutia kiti, nikampa maji. Tangu siku ile injini imefungwa kwenye kitambaa, iko juu ya kabati.

Neno lake moja, "tena," linahitaji maelezo kwa msomaji wa mbali. Usiku wa tarehe 16 Februari 2011 maghala ya silaha katika kambi ya Jeshi la Wananchi (JWTZ) Gongo la Mboto yalilipuka. Mabomu yaliruka na kuangukia mitaa ya watu. Zaidi ya watu 20 walipoteza maisha, mamia waliumia, na maelfu walitembea gizani kuelekea mjini, wazazi wakipotezana na watoto. Wengi walilala Uwanja wa Uhuru. Uwanja wa ndege ulifungwa. Mbagala walikuwa wameyapata hayo hayo tarehe 29 Aprili 2009. Kwa hiyo katika mtaa wetu mlio unaoanza ghafla haupimwi kwanza kwa ukubwa. Watu huuliza unatoka wapi, kisha huhesabu watoto wao.

Nimekutana na wapenzi wenzangu wa ndege ndogo wanaolalamika kwamba majirani hawaelewi. Mmoja aliniambia ngoma ya kigodoro inapigwa mpaka alfajiri hakuna anayesema, bodaboda zimeng'olewa sailensa hakuna anayesema, lakini ndege yake ya dakika kumi imeitishiwa kikao. Namwelewa, ila sikubaliani naye. Kigodoro kinamkera jirani yangu, lakini anakijua ni nini na anajua kitakwisha. Kelele ya kitu usichokijua, kilicho juu ya kichwa chako, ni kelele ya aina nyingine kabisa. Anayeileta ndiye mwenye deni la kueleza.

Wenzetu walioanza zamani walilitambua hilo. Uingereza ilitoa mwongozo wa kelele za ndege za mfano mwaka 1982, na kipimo walichokubaliana ni kwamba ndege isizidi desibeli 82 ikipimwa umbali wa mita 7. Hesabu ya sauti mahali pa wazi ni rahisi: kila unaporudufisha umbali, sauti hupungua kama desibeli 6. Mita 14 unapata 76, mita 28 unapata 70, na ukiendelea hivyo, kufika mita 448 umebaki na 46, sauti ya watu wanaoongea taratibu. Kwa maneno mengine, nusu kilomita ya shamba tupu ingetosha kumaliza ugomvi wangu na jirani. Gongo la Mboto hakuna nusu kilomita ya shamba tupu. Watu walihamishwa Kipawa na Kigilagila kupisha upanuzi wa uwanja wa ndege, wengine wakaja kujenga huku juu, Pugu na kandokando yake. Jengo la Tatu la abiria lilizinduliwa mwaka 2019, lenye uwezo wa abiria milioni sita kwa mwaka. Kila ndege kubwa ilipopata nafasi zaidi, kiwanja kimoja cha watoto kilipata ukuta. Sisemi upanuzi haukuhitajika. Ninasema mita zake zilitoka mahali fulani.

Nilianza kutafuta mjini. Jumamosi moja nilishuka TAZARA, nikaunganisha gari la Temeke, nikaenda Mwembeyanga. Nilifika saa tisa. Mpira ulikuwa umeshaanza, timu mbili ndani na nyingine tatu nje zikisubiri zamu, wauza mihogo pembeni, nyaya za umeme pande zote. Nilisimama robo saa nikatosheka. Ndege ya mfano ya ukubwa wa kawaida hutua kwa mwendo wa baiskeli inayoshuka mlima, na propela yake hukata kidole. Pale ingemwangukia mtu tu.

Wiki iliyofuata nilikwenda Kinondoni, viwanja vya Biafra, asubuhi kabla ya jua kuwa kali. Kulikuwa na vijana wanaojifunza pikipiki, wazee wanaofanya mazoezi, na kando yao Barabara ya Kawawa imejaa magari. Mzee mmoja aliyekuwa akitembea kwa mazoezi aliniuliza ninatafuta nini. Nilipomweleza alicheka kwa upole, akaniambia, "Mwanangu, hapa hata sisi wa miguu tunagombania." Nilimshukuru, nikarudi.

Tena hata kama Biafra ingekuwa tupu, nafasi pekee haitoshi. Tangu mwaka 2018 nchi yetu ina kanuni za ndege zinazoongozwa kutoka ardhini. Chombo cha namna hiyo kinapitia Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, na Wizara ya Ulinzi nayo ina neno lake. Kenya walitoa za kwao mwaka 2020. Ninaziunga mkono kwa moyo wote. Mtu wa Gongo la Mboto, mwenye uwanja wa kimataifa upande mmoja na wanajeshi upande mwingine, hawezi kutaka anga isiyo na sheria. Ndege ya abiria inayotua inaweza kuwa na watu zaidi ya mia na rubani asiyeweza kukuona wewe na rimoti yako. Lakini sheria hizo zinawafikiria zaidi wapiga picha, wapima ardhi na wasafirisha mizigo, na ni haki yao, kwa kuwa kazi yao inaonekana. Mwaka 2018 droni ya majaribio ilibeba dawa kutoka Mwanza hadi Ukerewe, kilomita 60 juu ya ziwa kwa dakika 40. Zanzibar ilipigwa picha yote kwa droni ili kutengeneza ramani. Mtoto mwenye ndege ya sponji hana mradi wala mfadhili, na fomu iliyoandikwa kwa ajili ya kampuni haimtoshei.

Ndipo nikafikiria Kisarawe.

Gari liliondoka Gongo la Mboto likiwa limejaa. Boksi lilikaa dirishani, mpwa wangu amelikumbatia. Tulipita mnada wa ng'ombe wa Pugu, tukafika Kajiungeni ambako barabara ya Chanika inachepuka, kisha tukaanza kupanda. Hapa jiji linakatika kama limekatwa kwa panga. Msitu wa Pugu unaingia pande zote mbili, hewa inabadilika, na masikio yanagundua kitu ambacho yalikuwa yamesahau. Mpwa wangu alikuwa wa kwanza kusema: "Anko, mbona kimya?" Gari lilikuwa linanguruma, konda anadai nauli, mama wa nyuma anaongea na simu kwa sauti. Lakini nilimwelewa. Kimya alichokisikia kilikuwa cha juu.

Nilimwonyesha njia ya kwenda Pugu Sekondari, nikamwambia kwamba Mwalimu Nyerere alifundisha pale, na mwaka 1955 aliacha kazi ili aendelee na chama cha TANU. Akafikiri kidogo, akaniuliza kama ndiye wa uwanja wa ndege. Nikamwambia ndiye, na ndiye wa barabara tuliyotoka nayo. Alinyamaza hadi tulipofika mjini Kisarawe.

Pale tulichukua bodaboda kwa barabara ya Maneromango, boksi likiwa katikati yetu kama abiria wa tatu. Kijiji tulichokwenda kiko zaidi ya kilomita 20 kutoka uwanja wa ndege. Nilikuwa nimepata namba ya mwenyekiti kwa rafiki mwenye shamba la mihogo huko, na nilipiga simu siku tatu kabla. Hili ninawasihi wenzangu walishike: usifike na ndege kijijini kwa watu kabla salamu zako hazijafika.

Mwenyekiti alitupokea chini ya mwembe. Ni mtu mzima, kofia ya kiua, sauti ya chini. Nilimpa shikamoo, akaitikia, tukauliziana hali za nyumbani na za mvua, kisha nikafungua boksi. Nilimwonyesha ndege zote mbili. Ya kwanza ni ya umeme: bawa la mita moja na ishirini lililogawanywa vipande viwili, mota, betri ya lithiamu, rimoti. Nilimwambia wazi kwamba hiyo sitairusha siku ile kwa kuwa sina kibali, nimeileta aione ili ajue ninachokuja kuomba. Aliipima uzito kwa kiganja, akaniomba niwashe mota. Nikamshikisha mpwa wangu mkia, nikawasha kidogo. Ilivuma kama feni ya mezani. Kuku waliokuwa karibu hawakuacha kudonoa.

"Na ile ya kelele uliyoniambia kwenye simu?"

"Iko nyumbani, juu ya kabati. Huku haitakuja."

Akatikisa kichwa kukubali. "Huku kuna nyuki," akasema. "Na kuna wagonjwa, na kuna madrasa asubuhi." Alizitaja sababu zake taratibu, na nilipenda kwamba nyuki walitangulia. Sikuwa nimewafikiria kabisa.

Ndege ya pili ilikuwa ya mpira. Hii haina mota, haina betri, haina rimoti. Ina kijiti cha mwanzi, mabawa ya sponji, propela ya plastiki, na ukanda wa mpira uliosokotwa. Unauzungusha mpaka ujae mafundo, unauachia, nao ukifunguka unazungusha propela. Aliyeonyesha ulimwengu namna hii ni Mfaransa Alphonse Pénaud, tarehe 18 Agosti 1871, katika bustani ya Tuileries mjini Paris. Kindege chake kiliruka mita 40 kwa sekunde 11, bila mkono wa mtu kukiongoza. Miaka saba baadaye mchungaji mmoja wa Marekani aliwapelekea watoto wake wawili kichezeo cha kuruka kilichobuniwa na Pénaud huyo huyo, cha mpira uliosokotwa. Watoto wale walikuwa Wilbur na Orville Wright. Ninamsimulia mpwa wangu kisa hiki mara nyingi, na safari ile nilikisimulia pia kwa watoto wa kijiji, kwa maana walikuwa wameshajaa.

Shamba lilikuwa limevunwa, limebaki mabua mafupi na michungwa michache upande wa mbali. Kusi ilikuwa inavuma kidogo. Mpwa wangu alihesabu mizunguko kwa sauti, na watoto wakamfuata: mia moja, mia na hamsini, mia mbili. Mpira ulipiga mafundo juu ya mafundo. Akaielekeza ndege kwenye upepo, pua juu kidogo, akaiachia bila kuisukuma kama nilivyomfundisha.

Ilipanda. Ilipinda kushoto, ikafika juu ya usawa wa mwembe, na kwa muda nilioweza kuvuta pumzi tatu sikusikia chochote ila majani. Kisha mpira ukaisha, propela ikasimama, na ndege ikaanza kushuka yenyewe kwa duara pana, ikitafuta ardhi taratibu. Watoto walikimbia chini yake kundi zima wakinyoosha mikono. Hakuna aliyetishika. Bibi mmoja aliyekuwa akipepeta kunde mlangoni alisimama, akajikinga jua kwa kiganja, akaifuata kwa macho mpaka ilipotua.

Tulirusha hadi adhuhuri. Mara ya nne bawa lilivunjika kwenye mchungwa, tukaliunga kwa utepe wa gundi. Mara ya sita kijana wa kijiji aliomba aone jinsi propela inavyoshikiliwa, akaniambia anaweza kuichonga kwa mti. Nilimwachia ile ya akiba. Nina hakika atachonga nzuri kuliko hiyo.

Kabla hatujaondoka mwenyekiti alitaja masharti yake. Turudi Jumapili tu, baada ya saa nne, tumalize kabla ya adhuhuri. Injini za mafuta hapana. Ndege ya umeme ni hadi nimletee barua ya TCAA mkononi, na nakala kwa mtendaji wa kata. Tusikaribie michungwa inapochanua, kwa ajili ya nyuki. Na kila tukija, watoto wa kijiji wafundishwe pamoja na wetu. Niliyaandika yote kwenye daftari, nikasaini, naye akasaini. Kwa maoni yangu ukurasa ule mmoja ni kanuni nzuri kuliko nyingi nilizosoma, kwa sababu umeandikwa na mtu anayejua nani anaishi chini ya anga hiyo.

Lakini Kisarawe ni nauli tatu kwenda na tatu kurudi, na bodaboda juu yake. Mimi ninaweza mara moja kwa mwezi. Watoto wa sponji wa mtaani kwetu hawawezi hata hiyo moja. Kwa hiyo ninaandika kwa Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam, ambayo Gongo la Mboto imo ndani yake, na kwa TCAA pia. Huko Chanika na kwingine pembezoni ambako viwanja bado vinapimwa, mbali na njia ya ndege kubwa na mbali na kambi, tengeni eneo moja la wazi. Liwekewe bango la saa na masharti, na fomu ya ukurasa mmoja ambayo mwalimu wa shule ya msingi anaweza kuijaza kwa niaba ya darasa zima. Kelele zipimwe, na atakayezidisha atolewe.

Na wewe msomaji mwenye shamba lililovunwa upande wa Chanika au Kisarawe, lenye nusu kilomita hadi nyumba ya jirani, zungumza na mwenyekiti wako. Sisi tutakuja na mpira tu, na tutaanza kwa kubisha hodi.